Kutoka Kitandani Hadi Chooni: Maswali Yenu Kuhusu Usalama wa Wazee

Mama yetu ana miaka 74 na anaishi peke yake Kibaha tangu baba afariki. Tumechanga shilingi milioni 2 tumwekee fensi ya umeme na kamera, maana wezi wamezidi. Tuanze na kipi?
*Watoto wanne, Dar es Salaam*

Anzeni na choo. Mwizi anaweza kupita miaka asionekane, lakini chooni mama anakwenda kila usiku, pengine mara mbili au tatu, na njiani humo ndimo wazee wengi wanamovunjikia nyonga.

Mmoja wenu akalale kwa mama. Saa nane usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, alale kwenye kitanda cha mama, ainuke, aende chooni na kurudi. Kila alichojikwaa au kushikilia akiandike. Kwa kawaida orodha hiyo ina mkeka uliokunjika ncha, waya wa feni, ndoo ya maji ya akiba, kizingiti na stuli. Mkeka na zulia dogo viondoke kabisa, waya upite ukutani, ndoo ihamie upande asiopita. Kizingiti kisichoondoleka kipakwe mstari mweupe wa sm 5, kwa sababu jicho lenye mtoto wa jicho halioni saruji ya kijivu juu ya saruji ya kijivu. Ndala zilizolegea nazo mzibadilishe kwa viatu vyenye mkanda wa kisigino na soli ya mpira. Taa iwe ile balbu ya kuchaji inayoendelea kuwaka umeme ukikatika, na swichi yake aifikie akiwa bado amekaa kitandani.

Kitanda chenyewe mkipime. Mama akikaa pembeni, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yakunjike kama pembe ya daftari. Kwa watu wengi hiyo ni sm 45 hadi 50, godoro likiwa limebonyea. Kikiwa chini ya hapo, anajirusha ili ainuke. Kikiwa juu, anateleza wakati wa kushuka.

Sasa choo. Mshikio mzuri wa ukutani hutengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa bomba la GI la inchi 1, ambalo kwa nje lina karibu mm 34 na linaenea vizuri kiganjani. Nafasi kati ya bomba na ukuta iwe sm 4. Ikizidi sana, mkono ukiteleza unapenya na kuvunjika humo. Urefu kutoka sakafuni msiukisie: mama akae, ainuke, na mahali mkono wake unapotafuta msaada papigwe alama ya chaki. Kosa la mafundi wengi ni skrubu na plagi fupi zinazoishia kwenye plasta. Plasta ina unene wa sm 1 au 2 tu, haibebi mtu. Takeni bolti zinazotanuka, za mm 10, zizame sm 7 ndani ya tofali lenyewe. Kama ukuta ni wa udongo, msitoboe. Simamisheni nguzo mbili za bomba kwenye mashimo ya sm 60, mwage zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mliache wiki nzima mkilimwagia maji. Kabla mama hajaushika mshikio, kijana mzito kuliko wote katika familia aning'inie hapo.

Kama choo ni cha kuchuchumaa, mtashawishika kutoboa kiti cha plastiki. Msifanye hivyo. Kikalio ndicho kinachoshikilia miguu minne isitawanyike. Kikitobolewa, miguu inapanuka kwenye tailizi zenye maji na kiti kinapasuka katikati, mama akiwa juu yake. Seremala atengeneze kiti cha mbao ngumu chenye tundu, urefu sm 45, miguu imefungwa kwa mbao za kukatiza pande zote nne na kuvalishwa raba chini. Tailizi zinazong'aa mtandikieni mkeka wa mpira wenye vinyonyeo, lakini uinuliwe na kukaushwa kila siku, la sivyo ukungu unaoota chini yake utateleza kuliko tailizi zenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila nyumba imelikosea: mlango wa choo kufungukia ndani. Vyoo vyetu ni vidogo. Mtu akianguka, mwili wake unauzuia mlango, na anayekuja kumsaidia hawezi kuingia bila kumsukuma aliyevunjika. Fundi ahamishe bawaba ili mlango ufungukie nje. Komeo la ndani litolewe, kiwekwe kitasa kinachoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu.

Muulizeni pia kama anasikia kizunguzungu akisimama, hasa kama anatumia dawa za presha. Presha yake ipimwe akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mpelekeeni daktari majibu hayo. Dawa asiziache wala kuzipunguza mwenyewe. Hadi hapo, kila akiamka akae kitandani dakika mbili akikunja na kukunjua nyayo kabla ya kusimama.

Kazi yote hii haimalizi milioni 2. Itakayobaki nunueni taa ya sola ya nje na komeo zito la mlango wa mbele. Kama madirisha yana nondo, pawe na mlango wa pili, na ufunguo wake uning'inie kwenye msumari mmoja usiobadilika, ndani, mbali na mikono ya anayechungulia dirishani. Kamera itawaonyesha mama akiwa sakafuni, haitamwinua. Filimbi iliyofungwa shingoni kwa kamba na jirani aliyeambiwa maana yake inafanya kazi zaidi. Patana naye pia kuhusu pazia la sebuleni: likiwa halijafunguliwa saa mbili asubuhi, agonge mlango.

Na akianguka, msimvute kwa mikono. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenziwe na kidole gumba kimegeukia nje, hiyo ni nyonga. Hasimamishwi, hakandwi. Ni hospitali moja kwa moja, akiwa amelazwa.

Huku Makete baridi ni kali. Bibi analala na jiko la mkaa chumbani, anasema mkaa ukishashika hauna moshi. Ni kweli hauna madhara?
*Mjukuu*

Moshi umeisha, sumu haijaisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu unaitoa kama kawaida. Huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka.

Jiko liingie jioni mlango na dirisha vikiwa wazi kidogo, lipashe chumba, kisha litoke nje kabla bibi hajapanda kitandani. Kwenye blanketi mwekeeni chupa ya mpira ya maji moto, si ya soda, kwa kuwa plastiki ile hulainika na kumwaga. Maji yasiwe yanayochemka, na chupa ifungwe kwa kanga. Kama bibi ana kisukari msiiweke miguuni: miguu iliyokufa ganzi huungua usiku kucha bila yeye kusikia. Soksi mbili za sufu zinatosha.

Baba mkwe wangu wa Tanga ametapeliwa mara mbili kwa simu. Mara ya kwanza alitumiwa ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii", mara ya pili aliambiwa mjukuu ameanguka shuleni. Nimnyang'anye simu ya fedha?
*Mkwe, Morogoro*

Ukimnyang'anya, siku ya tatu atakuwa anatumia ya jirani, na jirani ndiye atakayekuwa na namba yake ya siri. Mwachie simu, punguza kinachoweza kuibwa ndani yake.

Awe na laini mbili. Moja ya kupiga na kupokea, ile inayojulikana na kila mtu tangu msikitini hadi sokoni, na hiyo isiwe na fedha kabisa. Ya pili ni ya fedha, inajulikana na watu wasiozidi watano, na salio lake lisizidi matumizi ya wiki moja. Nyingine zikae benki. Tapeli anayempigia kwenye laini ya kwanza atapiga kelele mpaka achoke.

Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" hautumwi kwa baba yako peke yake. Hutumwa kwa maelfu ya watu bila kubagua, ukimtafuta yule mmoja ambaye siku hiyo kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Kwa hiyo kanuni iwe moja tu: namba mpya haipewi fedha mpaka mwenye nayo apigiwe kwa namba ile ya zamani na sauti yake isikike. Kwa habari za ajali na shule, familia iwe na neno la siri, jina la ng'ombe wa zamani au la mti uliokuwa uani, ambalo kila mjukuu analijua. Asiyelijua hana mgonjwa.

Kuna mtego wa tatu ambao hajaupata bado. Anaingia ujumbe kwamba amepokea shilingi 80,000, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, arudishiwe. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe, haujatoka kwenye namba ya mtu, lakini hilo mzee asitegemee kulikumbuka. Aangalie salio. Na hata salio likiwa limeongezeka kweli, asirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea apigie mtandao wake, nao ndio wenye uwezo wa kuzirudisha.

Akienda kwa wakala, aandike namba ya siri mwenyewe, hata kama inamchukua dakika tano na foleni inaguna. Na asiweke dole gumba kwa watu wa kusajili laini barabarani. Mchezo wao ni kusema "mzee, alama haijasoma, weka tena". Alama ya kwanza ilisoma, ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lake, na siku laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi watagonga mlango wake. Leo hii piga *106# kwenye simu yake, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Usiyoijua, nenda naye kwenye duka la mtandao huo ifutwe. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, huduma ni ile ile kwa mitandao yote Tanzania.

Fedha zikishatoka, kila dakika ina maana, kwa sababu tapeli huzitoa kwa wakala papo hapo. Kwanza piga huduma kwa wateja, ndipo uende polisi kuchukua RB, namba ya taarifa yako kituoni. Wengi hufanya kinyume.

Mzee wetu hapa Unguja anatoka usiku na kupotea. Ndugu wanashauri tumfungie mlango kwa nje. Je, ni sawa?
*Binti yake*

Si sawa. Moto ukitokea hana pa kutokea, na mtu aliyefungiwa hupanda dirisha.

Lakini kwanza tuulize: ameanza lini? Kama ni miaka kidogo kidogo, ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kama ni siku chache tu zilizopita, wiki iliyopita alikuwa anajua jina lako na leo halijui, mpelekeni hospitali leo hii, msingoje kesho. Maambukizi ya njia ya mkojo, dawa mpya, sukari kushuka, au kuanguka na kugonga kichwa, kila kimoja kinaweza kumchanganya mzee ghafla, na vingi vinatibika. Mengi yanayoitwa "uzee tu" ni haya.

Mlangoni tundikeni kengele au makopo mawili yanayogongana ukifunguka. Komeo lisogezwe chini karibu na sakafu, mahali ambapo mkono wake haujazoea kutafuta, ila kila mtu mwingine ndani anajua. Ndani ya kofia na kwenye mfuko wa kanzu shoneni kitambaa chenye namba mbili za simu. Jina msiandike, asije mpita njia akamwita kwa jina na kumchukua.

Waambieni wazi sheha, vijana wa kijiwe cha bodaboda na wenye maduka ya kona zote mbili. Familia nyingi huficha kwa haya, halafu akipotea hakuna aliyekuwa anamwangalia. Kuweni na picha yake ya mwaka huu simuni. Akitoka, anzeni kutafuta nyumba aliyozaliwa, mahali alipofanyia kazi na njia ya msikiti wake wa zamani, kwa maana kwa kawaida anakwenda mahali, hatembei ovyo. Msikiti utangaze kwa kipaza sauti. Polisi wapigieni 112 mapema. Hakuna haja ya kusubiri saa 24.

Bibi yangu mjane yuko kijijini wilaya ya Kahama. Mtoto wa jirani amefariki na watu wameanza kusema bibi ana macho mekundu, yaani ni mchawi. Wengine wanasema maneno tu, yatapita. Tufanye nini?
*Msomaji, Mwanza*

Yahesabuni maneno hayo kuwa tishio la kuua, kwa sababu Usukumani mauaji ya vikongwe yamekuwa yakianza hivi hivi: msiba, mganga wa ramli chonganishi, kisha jina la mwanamke mzee. Mara nyingi nyuma ya jina kuna shamba. Kilifi, pwani ya Kenya, wanaoandamwa ni wazee wa kiume pia, na huko nako ukichimba unakuta mgogoro wa ardhi kati ya vijana na wazazi wao.

Leo, si Jumatatu, mtu mzima wa familia aende kijijini. Amsikilize bibi peke yake: nani amesema, wapi, mbele ya nani, na nani alikuwa akiliulizia shamba kabla ya msiba. Yaandikwe na tarehe zake. Karatasi hiyo ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na polisi kata, na kituoni mdai namba ya RB. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya kuwa mkosaji yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, kwa hiyo hamwendi kuomba huruma, mnakwenda kushitaki. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye apewe nakala. Mkiwa na nguvu za kijamii, mzazi aliyefiwa aendewe kwa rambirambi na mzee anayeheshimika pande zote mbili, maana mara nyingine mfiwa mwenyewe hana neno na anayechochea ni mtu wa tatu.

Msikubali kabisa ushauri wa kumpeleka bibi kwa mganga mwingine "asafishwe". Akinyolewa na kupewa dawa, kijiji kitasema amekiri.

Usiku asilale na wajukuu peke yao. Awepo mtu mzima, mlango uwe wa mbao ngumu na komeo la ndani, na jikoni kama kuko uani apike kabla ya giza. Hali ikichacha ahamishwe, ila nyumba isibaki tupu: ndugu aingie, shamba lilimwe, na mavuno yaonekane yakiingia kwake. Bibi aliyehama na shamba likalala ndilo hasa walilolitaka. Mashamba ya kijiji yanaweza kupatiwa hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ombeni itoke kwa jina lake yeye.

Macho, basi. Wekundu ule ni wa moshi wa miaka 50 ya kupikia kuni na, palipokwisha miti, kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Wakati mwingine ni trakoma. Mpelekeni kliniki ya macho, jengeni jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Fanyeni hivyo aone vizuri na apumue. Msitegemee kwamba macho yakiwa meupe maneno yataisha, wanaotaka shamba watapata sababu nyingine.

Kaka yangu wa Rombo anamletea mama karatasi aweke dole gumba, anasema ni za kuandikisha kihamba, shamba letu la ukoo, kwa faida ya wote. Mama hajui kusoma. Namzuiaje bila kuvunja undugu?
*Dada mtu*

Huhitaji kumshambulia kaka. Weka utaratibu unaomhusu kila mtu, wewe mwenyewe ukiwemo: mama hatii dole gumba siku karatasi inapoletwa. Karatasi inalala nyumbani siku saba, inasomwa kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho na mtu asiye wa ukoo, kwa lugha anayoielewa mama, Kichaga kama ndicho. Kisha yeye ndiye aeleze kwa maneno yake imesema nini. Mwenye nia njema hana shida na siku saba. Anayesema "mtendaji anafunga ofisi leo" ameshajibu swali lako.

Karatasi yenye nafasi wazi isiguswe, hata kama ni mstari mmoja tu uliobaki kwa ajili ya bei au tarehe. Mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wapewe barua ya mama kwamba hauzi na hakumpa mtu mamlaka ya kuuza, nakala igongwe muhuri na ibaki kwenu.

Kama mama ana nia yake juu ya kihamba, aandike wosia sasa akili zikiwa timamu. Kwa wosia wa kimila ulioandikwa, asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wanne wanaojua kusoma na kuandika, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Anayejua kusoma wanamtosha wawili, mmoja wa kila upande. Wanaotarajia kurithi wasiwe mashahidi. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambako hakuna mwana atakayeukuta chini ya godoro. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 hutoa msaada huo bure. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

Na kama dole gumba limeshawekwa, msingoje mnunuzi aonekane na mkanda wa kupimia. Mama aende mwenyewe kwa mtendaji, aeleze aliambiwa nini na karatasi ilisema nini, maelezo yaandikwe yakiwa na tarehe, na siku hiyo hiyo mtafute msaidizi wa kisheria awaongoze namna ya kuomba zuio.